Makaburi, Madaftari na Mameya

Mei 2012 wakazi wa Lampedusa walimchagua Giusi Nicolini awe meya wao. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba zipatazo 20 na watu kama 6,000, na ingawa ni sehemu ya Italia, kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicilia. Kufikia Novemba mwaka huohuo meya alikuwa ameshakabidhiwa maiti 21 za watu waliokufa maji wakivuka kutoka Afrika. Akaandika barua ya wazi akiuliza makaburi ya kisiwa chake yanatakiwa yawe makubwa kiasi gani. Swali hilo ndilo lililozunguka dunia. Mimi nilishikwa na sentensi nyingine ya barua hiyo, ambayo wengi waliipita haraka: kwamba kwa maiti 11 za mwisho ilimbidi aombe msaada kwa mameya wenzake wa mkoa, kwa sababu halmashauri yake haikuwa tena na mahali pa kuzika.

Mtu aliyewahi kufanya kazi ya halmashauri ataielewa sentensi hiyo mara moja. Maiti ikishaokotwa ufukweni, sheria ya uhamiaji haina la kusema tena. Kinachotakiwa ni sanda au jeneza, gari, wachimba kaburi na kiwanja, na vyote hivyo vinatoka kwenye fungu la mji. Wizara iliyoko makao makuu itatuma salamu za rambirambi. Mji ndio unaozika.

Tarehe 3 Oktoba 2013 boti iliyotoka Misrata, Libya, ilishika moto na kuzama karibu kabisa na pwani ya Lampedusa. Walikufa watu 368, wengi wao Waeritrea. Majeneza yalipangwa kwenye banda la ndege la uwanja wa kisiwa, ya watoto yakiwa meupe, kisha yakapelekwa Sicilia na kugawanywa katika makaburi ya miji mbalimbali, mji huu ukipokea kadhaa na ule kadhaa. Wengi walizikwa kwa namba. Ndugu waliokuja baadaye kumtafuta mtoto wao walilazimika kuzunguka mji kwa mji, wakiuliza namba ipi imelala wapi.

Mimi nilikuwa mtendaji wa kata mjini Kigoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa nimestaafu. Ndiyo maana historia ya miji kushirikiana kuvuka mipaka juu ya wakimbizi naisoma kutokea chini, kwenye ofisi zenye meza moja, benchi la wanaosubiri, mhuri na daftari la wakazi. Ukiisoma kutokea juu, kwenye matamko na picha za mameya wameshikana mikono, utadhani ni habari ya hotuba.

Mwaka 2015 Ulaya ilikuwa na wakimbizi wake na sisi tulikuwa na wetu. Aprili ya mwaka huo Burundi ilivurugika kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na kufikia Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamerundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Njia ya kutoka pale ni maji, au kupanda mlima kwa miguu. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ambayo Wajerumani waliiunda kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa inakwenda Kagunga na kurudi Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari. Walishushiwa bandarini, wakalazwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu.

Lakini si wote waliopita uwanjani. Wengine walikuwa na jamaa mjini, maana ukoo wa watu wa ziwa haukukatwa na mpaka. Mzee mmoja kutoka Makamba alikuwa amefikia kwa binti wa kaka yake, akaja ofisini na mjukuu wa kike wa miaka kama minane, amevaa sare ya shule ya Burundi, ya kaki, aliyoondoka nayo mwilini.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia, kwa kuwa alinizidi umri.

"Marahaba, mheshimiwa mtendaji. Naomba barua, mtoto aende shule."

Nikamweleza kwamba barua ya mtendaji inaandikwa kwa mkazi wa kata aliyemo kwenye daftari. Yeye kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 anatakiwa akae eneo lililotengwa, yaani kambini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi andika tu kwamba nipo."

Sikuwa na safu ya kumwandika. Daftari lile lilikuwa na namba ya nyumba, jina la mkuu wa kaya, kazi, na idadi ya wanaolala humo. Alikuwa analala humo, na daftari halikuwa na namna ya kulisema hilo. Kila nikisoma jinsi miji ya mbali ilivyohangaika na jambo hili, namkumbuka yule mzee na ombi lake.

Mji kumpokea aliyekimbia ni jambo la zamani. Waislamu wa Ujiji wanajua kisa cha Yathrib mwaka 622, jinsi Ansari, wenyeji wa mji huo, walivyofungwa udugu na Muhajirina waliotoka Makka, nyumba kwa nyumba, na mji ukabadilika hata jina. Wakristo nao wanaisoma miji sita ya makimbilio katika Agano la Kale. Katika zama zetu, Berkeley huko California ilipitisha azimio Novemba 1971 la kuwapa hifadhi mabaharia wa meli ya kivita USS Coral Sea waliokataa kwenda Vietnam, na kuwakataza watumishi wa mji kusaidia kuwakamata. San Francisco ikafuata mwaka 1985 kwa ajili ya waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Hiyo yote ilikuwa miji ya nchi moja ikibishana na serikali yake.

Ushirikiano wa kuvuka mipaka ulianza kwa watu wachache sana: waandishi. Mwaka 1993 mwandishi Tahar Djaout alipigwa risasi mjini Algiers, na wenzake wengi wa Algeria walikuwa wakiwindwa. Mjini Strasbourg, Ufaransa, kikaundwa chombo kilichoitwa Bunge la Kimataifa la Waandishi. Rais wake wa kwanza alikuwa Salman Rushdie, naye Wole Soyinka akamfuata. Bunge hilo halikwenda kuomba kwa serikali. Lilikwenda kwenye halmashauri za miji: mji utoe nyumba moja na posho kwa muda maalumu, umpokee mwandishi mmoja anayetishiwa kuuawa, na pawepo mtumishi wa mji anayemshughulikia kwa jina. Chombo kile kilipokufa, Stavanger ya Norway iliipokea kazi, na mwaka 2006 mtandao wa miji ya hifadhi kwa waandishi, ICORN, ukazaliwa. Leo una miji zaidi ya 70.

Idadi ya waliookolewa hivyo ni ndogo ukiilinganisha na wanaokimbia duniani. Hata hivyo mtandao huo naupa uzito mkubwa, kwa sababu ndani yake mna kila kinachotakiwa: makubaliano ya maandishi, nyumba yenye ufunguo, fungu kwenye bajeti, na mtu wa kuulizwa. Mikutano mingi mikubwa iliyokuja baadaye ilikuwa na hotuba nzuri zaidi, lakini haikuwa na ufunguo wa nyumba yoyote.

Sasa nirudi 2015. Juni ya mwaka huo Ada Colau, mwanamke aliyejulikana kwa kupigania watu wasifukuzwe nyumba zao kwa madeni ya benki, aliapishwa kuwa meya wa Barcelona, Hispania. Septemba, dunia ilipoona picha ya mwili wa mtoto mkimbizi Alan Kurdi ufukweni Uturuki, Barcelona ikajitangaza mji wa makimbilio. Wakazi walijitokeza kutoa vyumba. Mwezi huohuo serikali za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kuhamisha watu 160,000 kutoka Italia na Ugiriki kwenda nchi nyingine wanachama kwa miaka miwili. Miezi sita baadaye, katikati ya Machi 2016, waliohamishwa Ulaya nzima hawakufika 1,000. Hispania ilikuwa imepokea 18.

Upande wa pili wa Bahari ya Mediterania, Athens ilikuwa imejaa. Meya wake, Georgios Kaminis, mwanasheria wa katiba aliyewahi kuwa mtetezi wa haki za wananchi dhidi ya ofisi za serikali, alikuwa na watu wanaolala kwenye Uwanja wa Victoria katikati ya mji wake na kambi ya Eleonas kwenye kiwanja cha viwanda vya zamani. Machi 2016 mameya hao wawili wakapatana: Barcelona itachukua wakimbizi 100 kutoka Athens, gharama juu yake. Vitanda vilikuwepo, na watumishi walikuwa tayari. Siku hizohizo Barcelona ilisaini pia makubaliano na Lampedusa na Lesbos, kisiwa cha Ugiriki ambacho kwa mwaka mmoja kilipitiwa na watu wapatao nusu milioni, huku wenyeji wake hawafiki 90,000.

Watu mia moja wangetosha kwenye mabasi mawili. Serikali ya Madrid ikakataa. Ilisema hifadhi ni mamlaka ya taifa, na kisheria ilikuwa na hoja: mji hautoi viza, hautoi hadhi ya ukimbizi, hauna askari wa mpakani. Hakuna hata mmoja kati ya wale 100 aliyesafiri kwa makubaliano yale. Tarehe 18 Februari 2017 wakazi wa Barcelona waliandamana kudai wapokee zaidi, na polisi wa mji waliwahesabu kuwa 160,000, idadi ileile ambayo Ulaya iliahidi kuhamisha. Muda wa ahadi ulipoisha Septemba 2017, waliohamishwa walikuwa chini ya 35,000.

Kuna wanaosoma sura hiyo na kusema miji imeshindwa. Mimi nasema walidai kitu ambacho hakikuwa mikononi mwao, na walikuwa na haki ya kukidai. Ila ukitaka kuona mji unaweza nini, tazama yale yaliyokuwa mikononi. Athens ilipanga nyumba za kawaida mitaani kwa fedha za Ulaya zilizopitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ikaziweka familia humo, jirani na Wagiriki, ngazi moja, lifti moja. Oktoba 2016 Kaminis akaanzisha ndani ya umoja wa miji ya Ulaya kundi la miji yenye mshikamano, ambako mji uliozoea kupokea wageni unatuma maofisa wake kuufundisha mji unaopokea kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo haitangazwi sana. Ni kufundishana namna ya kupanga foleni, kutafuta wakalimani, na kumwingiza mtoto darasani katikati ya muhula.

Lesbos nako swali la makaburi lilirudi. Makaburi ya mji wa Mytilene yalijaa, meya Spyros Galinos akalisema waziwazi, na ikabidi shamba la Kato Tritos ligeuzwe mahali pa kuzikia Waislamu waliokufa maji. Kisiwa kilekile kilikuwa na mlima wa maboya ya kuvaa, mekundu na ya rangi ya chungwa, yaliyokusanywa ufukweni na kumwagwa dampo la kaskazini mwa kisiwa. Nani wa kuyaondoa? Halmashauri.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ni ya Palermo. Meya Leoluca Orlando, aliyejijengea jina kwa kupambana na mafia, alikuwa na desturi ya kwenda mwenyewe bandarini kuwapokea walioshuka melini. Mwaka 2015 alitoa Hati ya Palermo iliyodai vibali vya ukaazi vifutwe kabisa na kuhama kutambuliwe kuwa haki ya binadamu. Ni hati yenye moyo mkubwa, lakini haikubadilisha sheria hata moja. Kilichobadilisha ni daftari.

Mwishoni mwa 2018 Italia, Matteo Salvini akiwa waziri wa mambo ya ndani, ilipitisha sheria iliyowazuia waomba hifadhi kuandikishwa katika daftari la wakazi la manispaa. Kwa Mwitalia wa kawaida hiyo ilionekana habari ya makarani. Lakini bila kuandikishwa hupati kitambulisho cha mji, na bila kitambulisho kila dirisha la huduma linakuwa gumu. Januari 2019 Orlando akaagiza ofisi yake isimamishe utekelezaji wa kifungu hicho. Naples, chini ya Luigi de Magistris, nayo ikakataa. Kesi zikaanza miji mbalimbali, na majaji wa ngazi za chini, Florence wakiwa miongoni mwao, wakaamuru watu waandikishwe. Julai 2020 Mahakama ya Katiba ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba.

Sababu mojawapo waliyoitoa majaji ingeweza kuandikwa na mtendaji yeyote wa kata: sheria ilidai kulinda usalama, huku ikiwanyima viongozi wa mji njia ya kujua nani anaishi wapi. Niliposoma hukumu hiyo nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi yake mwenyewe. Andika tu kwamba nipo. Mahakama ya nchi kubwa ilikuwa imekubali hoja ya mzee wa Makamba.

Miji mingine ilijaribu njia ya Barcelona na kukutana na ukuta uleule. Septemba 2020 kambi ya Moria huko Lesbos iliteketea, ikiwa na watu zaidi ya 12,000. Hata kabla ya moto huo Berlin ilikuwa imeomba ruhusa ya kupokea 300 kutoka kambi za Ugiriki. Waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani akakataa, Berlin ikaenda mahakamani, na Machi 2022 ikashindwa. Juni 2021 Palermo na Potsdam ziliongoza miji mingine kuunda umoja wa kimataifa wa bandari salama, ikisema wazi kwamba iko tayari kupokea pindi serikali zitakaporuhusu. Mmoja wa mameya wa aina hiyo hayupo tena. Paweł Adamowicz, meya wa Gdańsk huko Poland, mmoja wa mameya waliotia saini tamko la 2017 la kuwakaribisha wahamiaji wakati serikali yao ikiwakataa, alichomwa kisu jukwaani Januari 2019 kwenye hafla ya hisani, akafa siku iliyofuata.

Afrika iliingia mezani rasmi huko Marrakech. Desemba 2018, siku mbili kabla ya mataifa kupitisha Mkataba wa Kimataifa wa Uhamaji, mameya walikutana mjini humo na kuzindua Baraza la Mameya kuhusu Uhamaji. Katika bodi yake ya kwanza walikaa Yvonne Aki-Sawyerr wa Freetown na Erias Lukwago wa Kampala, pamoja na wenzao wa Montreal, Bristol, Milan na Amman. Baadaye baraza hilo lilianzisha mfuko unaozipa halmashauri fedha moja kwa moja, na miji mitano ya kwanza ilikuwa Barranquilla, Beirut, Freetown, Lima na Mexico City. Kwangu mimi fedha kwenda moja kwa moja kwa halmashauri, bila kusimama kwanza wizarani, ni hatua kubwa kuliko tamko lenyewe.

Kampala ilistahili kiti kile. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea na kufanya kazi, kwa hiyo Wakongo wamejenga maisha Katwe na Nsambya, Wasomali wamefanya Kisenyi kuwa soko lao, na ukipita mitaa hiyo utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Bujumbura, na Kisomali cha Mogadishu. Lakini mgao wa chakula na misaada mingi hutolewa kwenye makazi ya mashambani kama Nakivale na Bidibidi. Anayechagua mji huhesabiwa kuwa anajitegemea. Mji unabeba wanafunzi wake, wagonjwa wake na taka zake.

Na huku kwetu? Makubaliano ya kuwarejesha Warundi makwao husainiwa na pande tatu: Tanzania, Burundi na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Kigoma, Kasulu na Kibondo hazina kiti, wala Bujumbura na Makamba kama halmashauri hazina. Mameya wetu hukutana kwa mambo ya miji dada, wakabadilishana zawadi na picha. Lakini mtoto akivuka ziwa kutoka Uvira au Kalemie akiwa na cheti cha darasa la tatu, hakuna karani wa upande huu mwenye namba ya simu ya karani wa upande ule ili amuulize kama cheti ni cha kweli. Maiti ikielea kutoka upande mwingine, hakuna utaratibu wa mji kwa mji wa kutafuta jina lake. Hayo hayahitaji kubadilisha katiba ya nchi yoyote. Yanahitaji barua tatu, mtumishi mmoja kila mji, na kifungu kidogo cha bajeti.

Kwa madiwani wa miji ya ziwa, wa Tanzania, Burundi na Kongo, naomba mambo mawili. Katika kikao kijacho cha bajeti, ulizeni ni watu wangapi wanalala katika mji wenu ambao ruzuku ya serikali kuu haiwahesabu, na mdai wahesabiwe. Kisha mwandikieni mwenzenu wa ng'ambo, mumpe jina na namba ya mtumishi mmoja wa kushughulikia shule, vyeti na maziko ya wanaovuka. Anzeni na maziko.